Jeep Iliyokimbia Vita kwa Vipande

Ndugu zangu, munisamehe kwanza hii mikono. Nilinawa na majivu, nikanawa tena na sabuni, mafuta ya gari haikutoka. Basi nitamushukuru Mungu nikiwa hivi hivi.

Baba Pasta aliniambia, "Toa ushuhuda, mais mufupi." Nikamuuliza mufupi namna gani. Akasema kama ule wa mama aliyepona malaria. Tulibishana pale ku mulango, tukakutana katikati: mufupi kuliko mahubiri yake, murefu kuliko matangazo. Basi musiangalie saa. Bei imekwisha kukatwa.

Jina ya mutu sitataja. Wenyewe munajijua, na minaona wengine bameanza kucheka mbele sijafika popote.

Munakumbuka namna biashara yangu ilikuwa. Nilikuwa napeleka maharagwe na sabuni Beni, narudi na mupunga na mafuta ya ngazi, yaani mawese, juu ya malori ya batu. Vita ikaja. Malori mengine yalivuka mupaka, yakapenda kukaa kule. Mengine yalichukuliwa na basoda ba bunduki, yakaenda bila kuaga. Donc ku biashara yangu alibaki mwenye biashara tu.

Sasa, Beni kulikuwa fonctionnaire mumoja, mutu wa mbali, serikali ilimutuma kwetu kabla ya vita, kisha ikamusahau. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa jeep. Jeep ya zamani, ya kuvuta na magurudumu yote ine. Majani yalikuwa yameota ndani yake, yametokea ku dirisha kama batu banaochungulia njia.

Akaniambia, "Papa, hii ni tout-terrain, ardhi yote inapita."

Nikamujibu, "Minaona. Terrain yenyewe imeingia ndani."

Hakutaka pesa. Pesa ya wakati ule ulikuwa unailaza nzima, asubuhi unaiamusha mugonjwa. Alitaka mashine ya kushona, bibi yake apate kushona uniformes za shule. Na mashine ya kushona mimi sina. Mwenye mashine ni bibi yangu, mama ya batoto bangu. Anaketi pale ku kiti cha tatu, musimuangalie, hapendi.

Nilirudi Butembo, nikamukuta anashona suruali ya mutu.

"Mama, kuna mutu Beni anataka mashine yako."

"Atanipa nini?"

"Jeep."

"Inatembea?"

"Bado."

"Mara ya mwisho ilitembea lini?"

"Wakati wa Zaïre."

Alishona mpaka mwisho wa muguu wa suruali, akakata uzi na meno. Kisha akasema, "Kyavinyonge samaki inaoza kando ya ziwa, sababu hakuna gari ya kuipandisha mulima. Hapa batoto banakula majani ya sombe tu, bila harufu ya samaki. Chukua mashine. Ukitengeneza hiyo kitu ipande ule mulima, tutaishi. Isipopanda, miye narudi kwa baba yangu, na wewe na jeep mutashoneana nguo wenyewe."

Nawaambia, hapo ndipo nilijua bei ya kweli ya ile jeep.

Lori moja lililobaki lilituvuta na kamba mpaka hapa. Tukaanza kazi, mimi na rafiki yangu fundi, ambaye pia ni shemasi wetu. Tuliinua kiuno cha jeep na ressorts, springi za lori, isiguse mawe. Tanki ya mafuta ilikuwa inavuja, tukaiziba na sabuni. Sehemu ya nyuma ilikuwa imeoza kabisa. Tukaita fundi wa mbao atuwekee sanduku ya kubebea mizigo. Huyu ndugu alizoea kutengeneza masanduku ya maiti tu. Basi alitupatia nyuma muzuri sana, ya kung'aa, na vishikio pande zote mbili. Mpaka leo nikipita ku barabara, batu banavua kofia.

Sasa, tabu ilikuwa basoda. Mji wakati ule ulikuwa unabadilisha wakubwa kama mutu anavyobadilisha shati, na kila mukubwa akifika anatafuta magari kwanza. Kwa hiyo tulifanya namna mafundi bote ba mji walivyofanya: muchana unatengeneza, jioni unafungua. Kipande kikipona, unakitoa, unakificha kwa mutu. Jeep ikawa kila siku inapona zaidi, na kila siku inaonekana imekufa kuliko jana.

Kwa kuficha, sikuamini nyumba moja. Nilihesabu bajirani, nikabahesabu tena, mwisho nikachagua nyinyi ba kikundi chetu cha maombi. Na shemasi, kwa moyo wake muzuri, akaharibu kila kitu. Kila kipande alikiweka ku meza katikati ya maombi, akatia mukono juu yake, akamukabizi mutu mbele ya kikundi: "Hii ni amana mbele ya Mungu."

Batu ba kwetu munabajua. Kitu ulichokabiziwa na maombi, mbele ya bote, hauwezi kukiacha nyuma. Mimi nilikuwa natafuta kificho. Nyinyi mukapokea amana.

Magurudumu yalienda kwa jamaa moja yenye batoto mingi. Cardan, ile chuma ndefu inayopeleka nguvu kutoka moteur mpaka magurudumu ya nyuma, ikaenda kwa mama mumoja wa kwaya. Na ile pignon, gia nzito ya kujaa mikono mbili, inayofanya magurudumu ya mbele yavute pamoja na ya nyuma, tulimupa mama muzee mumoja mujane. Bila pignon hiyo, jeep ni gari ya kawaida tu, na gari ya kawaida haipande ule mulima wa Kyavinyonge hata siku ya jua.

Basoda balifika, vile tulivyojua. Commandant wao alizunguka jeep polepole.

"Nani mwenye hii gari?"

"Ni miye, mon commandant. Mais hii hapana gari. Hii ni nyumba ya kuku."

Na hapo sikusema uongo, Baba Pasta. Kuku wa bibi yangu alikuwa ndani kweli, amelalia mayai ku kiti cha dereva.

"Moteur iko wapi?"

"Imelazwa."

"Na magurudumu?"

"Yalitangulia."

"Yalitangulia wapi?"

"Mon commandant, yenyewe ni magurudumu. Hayakuniaga."

Akageukia basoda yake, "Botala ye!" yaani mumuangalie huyu, bote bakacheka. Mimi pia nikacheka, kidogo, namna mutu anacheka mbele ya bunduki. Kisha akafuta macho, akaniambia, "Papa, tuko na ordre ya kuchukua kila kitu kinachotembea." Akaangalia jeep. Akaangalia kuku.

Balibeba kuku. Na mayai pia balibeba. Jeep ikabaki.

Bibi yangu alisimama ku mulango, akaniambia, "Kumbe tout-terrain ilikuwa kuku wangu."

Tukaendelea na kazi. Kisha asubuhi moja masasi ya bunduki yakalia upande wa juu ya mji. Sitaeleza mingi, sababu hapa ndani bote tulikuwa mu njia ileile. Kila mutu alishika alichoshika. Sisi tulishika batoto, tukaenda ku mashamba ya bakwe bangu, tukakaa kule mpaka habari ikawa nzuri kidogo.

Tuliporudi, jeep ilikuwa pale pale, bila magurudumu, bila moteur, imetulia kama mutu asiye na deni. Nikaenda nyumba kwa nyumba kuchukua vipande vyangu. Kwa jamaa ya magurudumu nikakuta sufuria bameacha. Godoro bameacha. Hata muhogo ulikuwa ku mafiga, umekauka. Magurudumu: hapana. Nikasema basi, basoda bamepita.

Jirani mumoja akanijibu, "Basoda gani? Tulibaona sisi wenyewe. Baba gurudumu moja, mama gurudumu moja, batoto bakubwa na yao, banayasukuma ku barabara ya Kayna. Tuliita, 'Muache hizo, mubebe chakula!' Banajibu, 'Haiwezekani, ni amana.'"

Na mama wa kwaya? Cardan ku kichwa, upande wa Manguredjipa. Na mama muzee mujane? Pignon mugongoni, imefungwa mu kitenge kama mutoto muchanga. Banasema mu njia batu banamuuliza, "Mutoto anaitwa nani, mama?" naye anajibu, "Bado hajabatizwa."

Nilikaa ku kizingiti cha ile nyumba. Nilitaka kucheka. Kicheko kilichelewa, machozi ikafika mbele. Batu balikimbia masasi, baliacha chakula cha batoto, balibeba gari yangu.

Bibi yangu alinipa siku ya kulia, moja tu. Kesho yake akanifungia muhogo na chumvi. "Nenda uilete. Batoto bangali banakula sombe."

Nilianza na Kayna. Magurudumu niliyakuta kanisani, yamelazwa chini na mabanzi ya mbao juu yake: ndiyo viti vya wakimbizi. Mwinjilisti, aliposikia nimekuja kuchukua viti vyake, alihubiri murefu kuliko siku zote, na mimi nilikuwa nimeketi juu ya gurudumu langu mwenyewe, siwezi kuamuka. Mwisho tulitafuta vipande vya miti tukaweka pahali pake, na ile jamaa tukarudi nayo pamoja, tunasukuma.

Kisha Manguredjipa. Mama wa kwaya nilimusikia mbele sijamuona, anaimba na anatwanga. Anatwanga sombe na cardan.

"Papa, amana yako iko salama," aliniambia. "Tena inatwanga muzuri kuliko muti."

"Wasingya, mama, asante. Naomba niichukue."

"Utaichukua. Ngoja sombe iishe kwanza."

Nikangoja, nikala. Mpaka leo jeep ikipata moto, ku mulima inanuka chakula, na abiria banaanza kuuliza kama tumekaribia nyumbani.

Moteur na vingine vilirudi vimoja vimoja, sitavitaja vyote, Baba Pasta ameanza kukohoa. Tukakusanya jeep, tukaisukuma, ikawaka. Mji muzima ulitoka kuangalia. Mais ku kilima cha kwanza, na matope kidogo tu, magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, jeep ikaenda upande kama mulevi anayetafuta ukuta. Ya mbele hayavute. Bibi yangu aliangalia mpaka mwisho, akaingia ndani, akaanza kukunja nguo zake. Alikunja polepole, nione.

Habari ya pignon ilikuwa imefika: mama muzee yuko Kyavinyonge, anauza samaki ya chumvi. Nikamuambia bibi, "Kushuka tunaweza. Kushuka, hata jiwe linaweza. Twende na jeep, tuweke pignon kulekule." Akafikiri, akaweka nguo chini. "Naenda na wewe. Nataka kuona mwenyewe vile itakwama." Shemasi pia akapanda, na kopo lake la boulons, zile bolti za chuma. Munajua mafundi: bakirudisha gari, kila mara boulons zinabaki, na hakuna anayekuambia zilikuwa za nini.

Tukashuka. Kati ya soko, mama muzee ameketi nyuma ya mizani ya mbao. Upande mumoja samaki. Upande wa pili, inang'aa, imepakwa mafuta, pignon yangu.

"Karibu mutoto yangu," akasema. "Amana yako hii. Haijapungua."

Nikanyoosha mukono. Soko lote likasimama.

Kumbe kabla hajafika kila muuzaji alikuwa anapima na jiwe lake. "Papa," muvuvi mumoja akaniambia, "jiwe ya huyu jirani inakondaka ikiona mununuzi!" Jirani akamujibu, "Na yako inanenepaka ukinunua wewe!" Siku mama muzee alifika na chuma iliyoombewa, isiyojua mununuzi wala muuzaji, bote balikubali. Kila samaki ya ile kando ilikuwa inapimwa na jeep yangu.

"Ukiondoa hii," muvuvi akasema, "kesho mawe hatutapima nayo. Tutatupiana."

Mama muzee alikuwa mu shida ya kweli. "Nilikabiziwa, lazima nirudishe," akasema. "Mais nikirudisha, hawa bataumizana. Munifanye nini?"

Mimi, mutu wa kununua na kuuza tangu nina meno, nikasema hii ni kazi yangu. Nilileta jiwe la muto: bauzaji bakasema linakunywa maji. Nilileta nyundo: banunuzi bakasema mupini utakauka. Nilisifu, nilipunguza, nilijifanya naenda zangu. Hakuna aliyeniita nirudi. Hiyo haijanipata tena maisha yangu yote. Nikakaa chini kando ya jeep, nikaangalia ule mulima. Ulikuwa umetulia pale, unaningoja.

Ndipo bibi yangu alichukua kopo la boulons kwa shemasi. Hakuniuliza. Aliweka pignon ku upande mumoja wa mizani, ku upande mwingine akaanza kumimina boulons, polepole, mwisho moja moja, mpaka ule muti wa mizani ukalala sawa. Niliangalia, bavuvi bakaangalia, nikaangalia tena.

"Na mutu akitoa moja?" mununuzi akauliza.

Bibi yangu alipasua upindo wa kitenge chake mwenyewe. Akatoa sindano mu nywele. Akatia boulons ndani, akashona kifuko pale pale, akiwa amesimama, mushono mudogo wa kurudi nyuma, kila tundu karibu na lingine kama meno ya mutoto.

"Mutu akifungua hii," akasema, "hataweza kuifunga tena namna hii. Ajaribu."

Kifuko kikazunguka soko. Muvuvi mumoja alivuta, mwingine aliuma na meno, mama mumoja mushonaji aliuangalia ule mushono, akasema, "Ah, hii hapana mutu wa kawaida." Shemasi akatia mukono juu yake, akaomba. Na mama muzee akafungua mikono, akanipa pignon.

"Mais kiti cha mbele ni changu," akasema. "Kila safari."

"Mama, tuseme safari moja mu mwezi."

"Kila safari."

"Kwenda tu, basi."

"Na kurudi."

Ndugu zangu, nilikuwa nimechoka. Alinishinda.

Asubuhi tuliweka pignon, tukapakia samaki, tukasukumwa na soko zima, tukaanza mulima. Mvua ilikuwa imenyesha. Pale pabaya kabisa, munapajua, ambapo chini unaona ziwa na juu hauoni kitu, nyuma ikaanza kuteleza. Bibi yangu akashika nguo yangu, si mukono, nguo. Na mbele ikashika. Nilisikia mu usukani, kama mutu amenishika mukono kutoka juu, ananivuta. Magurudumu ine, yote, yanakula matope na yanapanda.

Tulipofika juu, bibi yangu aliachia nguo yangu, akainyoosha pale alipoikunja. Akasema, "Sasa inatembea."

Zile nguo zake zilirudi ku sanduku. Samaki ilifika Butembo ingali inanuka ziwa, batoto bakala mpaka bakalala ku meza. Na mashine nyingine ya kushona tumekwisha kupata. Hii hapana ya kubadilisha, hata mukiniletea ndege.

Basi nashukuru. Nashukuru shemasi, na boulons alizosahau kurudisha. Nashukuru fundi wa mbao, naye aache kuniuliza nitaitumia ile sanduku lini. Nashukuru jamaa ya magurudumu, mama wa kwaya, mama muzee. Nashukuru bibi yangu. Sasa munaweza kumuangalia.

Na fundisho nililopata ni hili. Mimi napima kila neno mbele sijalitoa, munanijua. Siku ile tulipogawa vipande, kulikuwa neno moja ambalo halingenigharimu kitu: "Vita ikija, kiacheni, mukimbie." Sikulisema. Mutu akikulindia kitu, umuambie hilo neno. Umuambie siku ileile.

Sababu kuna jamaa moja bado. Tuliwakabizi démarreur, ile moteur ndogo inayoamusha moteur kubwa. Balionekana ku njia ya msituni, baba ameibeba ku bega. Tangu siku ile, hakuna habari. Munadhani kila asubuhi nawaomba munisukume kwa sababu ya ubahili. Démarreur ziko Beni, nimeziona, hata bei nimekwisha kukata. Sinunue. Nafasi yake ku moteur iko wazi, na itabaki wazi.

Mutu yeyote akienda upande ule, akibakuta, abaambie hatutafute chuma. Kama ni nzito, baitupe palepale. Barudi wao.

Nimemaliza, Baba Pasta. Tuombe. Kisha wababa muvue makoti, mama muzee ameketi ku kiti cha mbele cha jeep tangu wimbo wa pili, anangoja tusukume.